Tetea kavimba uso na Nane Nane imekaribia, jogoo wangu kuchi nimpeleke au abaki?

Mama Zai (Morogoro)

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Naomba msaada wa haraka maana muda unanibana. Mimi nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba hapa Kihonda, sio wengi, ni wale wa kupata mayai ya watoto na kuuza jogoo mmoja mmoja sikukuu zikifika, ila kati yao nina jogoo wa aina ya kuchi ambaye kwa kweli sijaona mwenzake mtaa huu. Mrefu, shingo imenyooka, kifua kipana, manyoya yamebana mwili, nyekundu inayoingia kwenye weusi huku nyuma, na miguu ya njano safi haina gamba hata moja lililonyanyuka. Kikundi chetu cha akina mama tumepata kibanda kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hapa viwanja vya Mwalimu Nyerere, na wenzangu wote walishakubaliana kuwa huyo jogoo ndo anakaa mbele, watu wakipita wamuone, wakiuliza ndo tunaanza kuwaelezea mayai yetu na vifaranga.

Sasa juzi asubuhi nafungua banda nakuta tetea mmoja uso umevimba upande mmoja, jicho limefumba nusu, kope nene kama aliyeng'atwa na nyuki. Puani anatoa makamasi mepesi na ukimsogeza karibu anatoa harufu mbaya, harufu ya kitu kilichooza, sio ya kinyesi. Leo mwingine kaanza kupiga chafya na kukung'uta kichwa kila saa. Kula wanakula kidogo, kinyesi naona ni cha kawaida, hakuna aliyekufa. Mayai yamepungua lakini.

Chanjo ya kideri nilichanja mwishoni mwa mwezi wa tano, ile ya tone la jicho. Wageni bandani ni matetea wawili niliowanunua mnadani mwanzoni mwa mwezi huu, wao wenyewe wanaonekana wazima kabisa.

Maswali yangu: hiki ni kideri kimepenya chanjo au ni kitu kingine? Dawa gani? Na kubwa zaidi, jogoo mwenyewe hana dalili yoyote, anawika, anakula, macho meupe. Nikimtenga leo hii naweza kumpeleka tarehe 1 maonyesho yakianza au ndo basi tena? Nisaidieni jamani, kikundi kizima kinanisubiri mimi.

Jogoo_la_Singida

Pole sana mama Zai. Hicho sio kideri. Kideri kingekuwa kimeingia kwenye kuku wasiochanjwa saa hizi tungekuwa tunaongea habari za kuzika, maana hakibembelezi, unaona kuku kajikunyata, mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani, anahema kwa kuvuta shingo, wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinaangalia mgongoni, na vifo vinafuatana. Wewe una uso kuvimba, makamasi na harufu. Hayo ni mafua ya kuku, yale makali. Na hao matetea wa mnadani kuwa wazima usikutulize, nitawaachia wenye utaalamu waeleze ila mimi nilipoona neno mnada nikajua.

Bibi wa Handeni

Mwanangu pole. Sisi huku tunaponda shubiri mwitu na kitunguu swaumu tunaweka kwenye maji ya kunywa asubuhi, wananyweshwa hayo hayo mpaka wapone. Na majivu kwenye banda. Kuku wetu wanapona vizuri tu bila dawa za dukani. Jaribu na wewe.

Mzee Mtetea

Marahaba mama Zai, na Bibi wa Handeni nakusalimu kwa heshima. Nimefanya kazi ya mifugo vijijini miaka mingi kabla ya kustaafu, nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza mchunguze yule tetea vizuri kabla ya kutamka ugonjwa. Mbebe kwapani, mbawa zote mbili umezibana, geuza kichwa kwenye mwanga. Bana tundu za pua taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Kama ni mafua haya makali, ambayo kitaalamu tunaita koraiza, utaona tone linatoka, siku za kwanza ni maji maji, baadaye linakuwa zito la njano linaganda na vumbi la chakula puani. Linuse. Ile harufu ukishaijua huisahau. Halafu mfungue mdomo uangalie ndani. Ukikuta utando wa njano umeshika kooni na ukiugusa unavuja damu, hiyo ni ndui imeingia ndani, tafuta na vipele vyeusi kwenye ushungi kuhakikisha. Ukikuta vinundu vidogo vyeupe vimetapakaa kooni na kuku wako wanakula pumba na mahindi meupe tu hawaoni majani, hapo fikiria upungufu wa vitamini A, nao unavimbisha macho vile vile, na dawa yake ni mchicha, majani ya maboga, na vitamini ya kwenye maji. Na jambo la tatu, chuchumaa ndani ya banda asubuhi kabla hujafungua madirisha, uso wako uwe usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakikuwasha, basi hewa ya mkojo imezidi na ndiyo inayofungulia njia mafua. Toa maranda yote, weka makavu.

Kwa maelezo yako mimi naegemea koraiza. Ni bakteria. Kuku akikutana na mwenye ugonjwa, dalili huanza ndani ya siku 1 mpaka 3, na unasambaa kwa haraka kupitia chombo cha maji maana mgonjwa anaingiza pua yake mle mle. Hauui sana kama hakuna ugonjwa mwingine juu yake, ila unakata utagaji vibaya.

Sasa fanya hivi. Wote wenye uvimbe na chafya watoke leo, wakae mbali upande ambao upepo unatoka kwa wazima kwenda kwao, sio kinyume. Vyombo vyao viwe vyao. Unahudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, ukimaliza unanawa na kubadili ndala. Jicho lioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na pamba safi, asubuhi na jioni, ili lisije likajaa usaha mgumu ukalipofusha. Dawa, oksitetrasaiklini ya kwenye maji ndiyo inayopatikana kila duka la mifugo, erithromaisini nayo inafanya kazi, fuata kipimo cha kwenye pakiti na mshauri aliye karibu nawe, changanya mpya kila siku maana ikikaa juani inapoteza nguvu, na umalize siku zote zilizoandikwa hata kama uvimbe umeshuka. Kitu ambacho watu hawaambiwi dukani: wakati wa dozi ya oksitetra ondoa maganda ya konokono na chokaa kwenye chakula, kalisi inaishika dawa tumboni na haiingii mwilini. Dawa za salfa zinatibu pia lakini zinakaa kwenye yai muda mrefu, kwa kuku ambao watoto wako wanakula mayai yao usizikimbilie. Na mayai ya kipindi chote cha dozi pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa pale usile wala usiuze.

Bibi wangu, shubiri kwenye maji wala sikatai, mtu akiipenda awape, ila naomba isisimame mahali pa dawa kwa ugonjwa huu. Koraiza uvimbe wake mara nyingi hushuka wenyewe baada ya wiki mbili tatu hata usipotoa chochote, ndiyo maana kila kinachotolewa kinaonekana kimeponya. Lakini bakteria anabaki.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa. Kuku aliyepona koraiza anabaki na mdudu kwenye pua na mashimo ya uso, pengine maisha yake yote. Anakula, anataga, anang'aa, na anaambukiza, hasa akipata msukosuko wa safari, joto au kubadilishiwa banda. Hao matetea wawili wa mnadani wenye afya nzuri ndivyo walivyo, nina karibu hakika. Jogoo wako amekunywa nao chombo kimoja tangu mwanzo wa mwezi. Kumtenga leo hakumsafishi. Nane Nane ya Morogoro inapokea watu wa Morogoro, Tanga, Pwani na Dar es Salaam, na kuku wanapangwa kibanda kwa kibanda siku nane nzima. Abaki nyumbani, mama. Abaki yeye na kuku wako wote.

Mchuuzi Halali

Mzee heshima yako ila mimi naona tunamkatisha tamaa dada yetu bure. Jogoo hana dalili. Apigwe sindano ya kinga wiki hii aende. Maonyesho ni mara moja kwa mwaka na wanaotafuta kuchi wa mbegu wanakuja pale pale, jogoo kuchi mzuri bei yake ni mara kadhaa ya jogoo wa kawaida, hiyo nafasi ikipita mpaka mwakani. Na hao wengine watakaoleta kuku una uhakika gani kama wao wasafi? Yaani yeye tu ndo awe mwaminifu?

Mama Zai (Morogoro)

Asante mzee, asante nyote. Nimembana pua kama ulivyosema, limetoka tone la njano na harufu ndo ile ile. Kooni hakuna utando wala vinundu. Nimeshawahamishia wagonjwa kwenye banda la zamani la sungura huku mwisho wa uwanja. Kesho nampeleka yule mgonjwa zaidi hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamwangalie. Swali la Mchuuzi na mimi ninalo moyoni lakini, kama dawa inaua bakteria kwa mgonjwa kwa nini isimsafishe jogoo ambaye hata hajaugua?

Mzee Mtetea

Kwa sababu dawa inapunguza wadudu mpaka dalili zinaondoka, haiwamalizi wote kule ndani ya mashimo ya uso. Hakuna sindano ya duka la mifugo itakayokupa hakika kuwa jogoo huyu hana kitu. Chanjo ya koraiza ipo, ni ya sindano, mashamba makubwa wanaitumia, ila chupa zake zimefungwa kwa kuku mamia na inamkinga ambaye bado hajaambukizwa, tena kwa kurudia dozi na kusubiri wiki kadhaa. Haisafishi aliyekwisha kuambukizwa, na mpaka tarehe 1 muda hautoshi.

Na Mchuuzi kijana wangu, swali lako ni halali. Kuwa wengine huenda wasiwe wasafi ni sababu ya pili ya jogoo kubaki, sio sababu ya yeye kwenda. Akienda na mafua anaweza kurudi na ndui au taifodi ya kuku juu yake, na msimu huu wa kiangazi ndo kideri kinapotembea.

Mtanga wa Columbus

Salaam wakuu, niko Ohio Marekani ila nimezaliwa Tanga na kuchi nawajua tangu utoto. Nimeona niongeze kidogo kuhusu maonyesho maana huku ni jambo kubwa mno, mwanangu anaonyesha kuku kwenye klabu za watoto za 4-H na kila Novemba hapa Columbus kuna maonyesho ya kuku watu wanasafiri majimbo mengi kuja. Wana kitabu kabisa cha sifa za kila aina, toleo la kwanza lilitoka 1874, jaji anapita na kitabu kichwani, anamshika kuku, anafungua bawa kama feni anahesabu manyoya, anaangalia kucha, ushungi, rangi ya mguu.

Lakini kabla ya hayo yote kuna getini. Kuku wengi lazima wawe wamepimwa taifodi ya kuku na ile ya kuhara nyeupe. Kipimo chenyewe nimekiona kwa macho yangu kikifanyika kwenye ua wetu: mpimaji anageuza bawa, anachoma mshipa chini ya bawa kwa sindano ndogo, anachota tone la damu kwa kijiti chenye duara, analichanganya na tone la dawa ya zambarau kwenye sahani nyeupe, anaizungusha zungusha sahani. Ndani ya dakika mbili, tone likibaki laini kuku ni msafi, likigandamana vipande vipande huyo haendi popote. Halafu siku ya maonyesho mlangoni wanamtazama kila kuku uso na pua, mwenye jicho la maji anarudishwa kwenye gari, na mara nyingi kundi lote alilokuja nalo.

Na mwaka 2015 ilipoingia homa ya mafua ya ndege wakafa au kuuawa karibu kuku na bata mzinga milioni 50 nchi hii, hasa Iowa na Minnesota. Ohio hata haikuwa na shamba la kuku lililougua, lakini jimbo lilifuta maonyesho yote ya ndege hai mwaka ule, hata yale madogo ya watoto. Watoto walilia jamani, wengine walikuwa wamelea hao kuku tangu vifaranga. Hakuna aliyepewa ruhusa ya pembeni.

Kwa hiyo dada Zai, kumwacha jogoo sio kwamba umeshindwa kuonyesha, ndivyo wanavyofanya waonyeshaji wazuri kokote. Peleka picha yake kubwa, chapisha hata kwenye bango, weka na video kwenye simu akiwika na kutembea, mnunuzi mwenye nia atachukua namba.

Kuchi_Tanga

Hapo kwenye bango naunga mkono asilimia mia. Kuchi hata kwenye picha anajieleza: msimamo wa wima, mdomo mfupi uliopinda, ushungi mdogo umelala kichwani, kifua kina sehemu iko wazi haina manyoya. Piga picha kutoka ubavuni, kamera iwe usawa wa kifua chake sio kutoka juu, na asubuhi jua likiwa bado liko chini.

Ila kibanda kisibaki bila kuku hai, watu wa Nane Nane wanasimama penye kuku. Mwanakikundi mwingine anaishi mbali na mama Zai? Ambaye hajabadilishana kuku wala vyombo wala matenga na yeye, na hajaingiza kuku mpya hivi karibuni? Chukueni kwake. Na wala sio lazima kuchi. Pelekeni ching'wekwe, hao wadogo wa huku kwenu, watu wanawadharau kwa umbo lakini wana sifa zao, SUA wenyewe waliwapima pamoja na kuchi, singamagazi wa Tabora na wa Mbeya na wakawaandika. Mkiweka ching'wekwe hai na bango la kuchi pembeni mtakuwa na cha kusimulia siku nzima.

Maandalizi: aanze kushikwa kuanzia sasa, kila jioni giza likiingia maana kuku usiku ni mpole, mshike, mpapase kifua, mfungue bawa, mrudishe, kufika siku ya maonyesho haruki ruki mtu akimsogelea. Muoshe siku mbili tatu kabla, sio asubuhi ya kwenda, ili mafuta yake ya asili yarudi kwenye manyoya. Maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, unafuata mlalo wa manyoya usisugue kinyume, suuza mpaka maji yawe safi kabisa kisha akae juani penye nyasi safi akauke. Miguu tumia mswaki wa zamani, kama magamba yamenyanyuka kuna utitiri chini yake, loweka kwenye maji ya sabuni, kausha, paka vaselini, rudia wiki nzima. Chini ya mbawa na kuzunguka mkundu tazama chawa. Siku ya kwenda mafuta ya nazi kidogo sana kwenye ushungi na miguu, yakizidi vumbi la pale uwanjani linaganda anakuwa mchafu kuliko alivyokuja.

Pale kibandani kila kuku na chombo chake cha maji kutoka nyumbani, msikubali kuazimana na jirani hata akiomba kwa upole. Na watoto watataka kuwalisha bisi na mihogo ya kukaanga, wekeni kamba.

Wakirudi wasiingie bandani moja kwa moja. Wakae pembeni wiki mbili mpaka tatu ndo waungane na wenzao. Viatu vya Nane Nane vioshwe.

Jogoo_la_Singida

Na tenga la mchuuzi wa kuku msiazime. Mengi yanayotoka huku kwetu kwenda Dar yamebeba kuku wa vijiji kumi na hayajawahi kuona sabuni.

Mama Zai (Morogoro)

Narudi na majibu wadau. Nilimpeleka SUA, daktari kamwangalia, kachukua na sampuli ya puani kwa kijiti, majibu ni koraiza kama mzee alivyosema. Dozi inaendelea, yule wa kwanza jicho limefunguka. Wawili zaidi wameanza chafya nao wamehamia kwa wenzao. Jogoo bado hana dalili.

Nimeongea na kikundi jana jioni, nimewaeleza kila kitu na nimewasomea hapa mlivyoandika. Kulikuwa na manung'uniko kidogo, mmoja alikuwa ameshawaahidi watu wa Dar kwamba watamuona kuchi, ila wamekubali. Mwenzetu anayekaa Mkundi ana ching'wekwe wazuri, jogoo na matetea, hajaingiza kuku mgeni tangu mwaka jana na sisi hatujawahi kupeana hata kifaranga. Hao ndo watakwenda, wameanza kushikwa jioni. Bango la jogoo wangu tunachapisha.

Nimebaki na jambo moja linaninyima usingizi. Kama kundi langu lote sasa linahesabika limebeba mdudu, na mzee unasema hawasafishiki, ina maana mbegu ya huyu jogoo ndo imeishia hapa? Siwezi kumuuza akaue mabanda ya watu, siwezi kumuazima mtu. Nimemlea tangu yai huyu.

Mzee Mtetea

Mbegu haijaisha, na nimefurahi umeuliza. Koraiza haipiti ndani ya yai. Ni tofauti na taifodi ya kuku na yale mafua sugu ya maikoplazma, hayo mama anaweza kumrithisha kifaranga ndani ya ganda. Wewe ulipata majibu ya maabara kwamba ni koraiza, kwa hiyo una njia, ila waombe SUA wawapime damu jogoo na matetea unaotaka mbegu yao kwa hayo mawili mengine kabla hujaanza, kile kipimo cha tone la damu alichoeleza ndugu yetu wa Columbus.

Wakitoka safi, mtenge jogoo na matetea unaowapenda. Dozi ikiisha na siku za kusubiri zikipita, anza kukusanya mayai. Kusanya mara kadhaa kwa siku, chagua yaliyo safi yenyewe, usiyaoshe kwa maji, penye uchafu kidogo kwangua kwa kitambaa kikavu. Yakae mahali pa baridi, ncha chini, yasizidi wiki moja. Kisha yaende kwa koo anayeatamia kwenye ua mwingine kabisa, ambao haujawahi kuwa na ugonjwa huu, yaani yai linahama, kuku hahami. Siku 21 vifaranga wametoka na walelewe huko huko, wasirudi kwako.

Wewe kundi lako unaendelea nalo kwa mayai ya kula, unalipunguza polepole kwa kitoweo dawa ikishatoka mwilini, huingizi kuku mpya hata mmoja. Siku umebaki na banda tupu unalisafisha, unachoma maranda, unapiga dawa, unaliacha wiki kadhaa. Bakteria huyu nje ya kuku ni dhaifu, hakai kwenye udongo kama vijidudu vya kuhara damu. Hapo ndipo watoto wa jogoo wako wanakuja nyumbani.

Mama Zai (Morogoro)

Mzee Mungu akupe maisha marefu. Mayai nitayapeleka kwa mama mmoja Bigwa, ana koo ambaye kila akitaga anaatamia, na kuku wake hawatoki uani. Kupima damu nimeshaulizia, wamesema nilete jogoo na matetea watatu Jumatatu. Vifaranga wakitoka chanjo nianze na ipi?

Mzee Mtetea

Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, Gumboro siku ya 28, na ndui ya kuchoma kwenye bawa wakifika wiki ya 6 mpaka ya 8. Baada ya hapo kideri kila miezi mitatu bila kusubiri usikie jirani analia. Jumatatu ukienda, wabebe asubuhi na mapema kwenye boksi lenye matundu, umwambie daktari mlangoni kwamba wanatoka kwenye kundi lenye koraiza kabla hujawashusha.